Hata Sungura Hupigiwa Hodi



Katika barua nilizoletewa tangu nilipoandika habari za malisho ya sungura, ziko tatu zenye shauri moja. Mwenye barua ya kwanza ni mkulima, naye asema kwamba sungura wake jike, aliyekuwa mpole kama njiwa, amegeuka kuwa mkali, hata kila atiapo mkono kibandani kumwekea majani hurukiwa na kuumwa. Wa pili ni karani mwenzangu akaaye mjini, aliyewanunulia watoto wake sungura wawili wa kuchezea. Nao walipokua wakang'oana manyoya mpaka damu ikatoka. Wa tatu hakuuliza neno. Ameniarifu tu kwamba sungura wake alishikwa na wazimu, akamchinja.

Barua hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya niache shauri la mboji nililokuwa nimelikusudia kwa juma hili. Maana yamkini sungura yule hakuwa na wazimu hata kidogo. Yamkini alikuwa mwenye nyumba, akamwona mtu akiingia bila ya kubisha.

Kabla ya kuwafundisha wengine yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka juzi mjomba wa binti yangu alimletea sungura jike mweupe mwenye macho mekundu, wa mbegu ile iitwayo New Zealand White. Alikuwa na umri wa miezi miwili hivi, akienea katika viganja viwili vya mtu. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alimpa jina la Malkia. Kwa muda wa miezi mitatu hapakuwa na mnyama mpole kama yeye. Alilala mapajani pa mtoto wakati wa kusoma vitabu vya shule, akala majani ya viazi vitamu mkononi mwake, hata watoto wa jirani wakawa wanakuja uani kila jioni wapate zamu ya kumshika. Wawili kati yao walikwisha kuahidiwa mtoto mmoja mmoja, siku Malkia atakapozaa.

Alipotimiza miezi mitano mambo yakageuka. Asubuhi moja binti yangu alifungua mlango wa kibanda, akatia mkono ili atoe bakuli la maji, nami nikasikia ukelele. Nilipotoka nje nikamwona ameshika kidole, damu inachuruzika mpaka kwenye shati la shule. Tukakiosha kidole kwa sabuni na maji mengi, tukakifunga kitambaa safi, tukadhani ni bahati mbaya. Siku ya tatu ikawa vivyo hivyo. Juma la pili mtoto hakutaka tena kukikaribia kibanda, na kazi ya kumlisha Malkia ikanishukia mimi.

Nami nikafanya kama wafanyavyo wengi. Nilipoumwa mara ya kwanza nalichukua fagio nikamchapa nalo. Nalidhani namtia adabu. Kumbe nalikuwa namthibitishia lile aliloliogopa, ya kwamba mkono uingiao mlangoni pake ni adui. Tangu siku ile hakungoja hata nitie mkono. Akisikia komeo linaondolewa tu, alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, masikio yamelala juu ya shingo, anaguna. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo hakuona maana ya kumlisha mnyama asiyetaga wala asiyekamwa, akasema kwamba Krismasi i karibu na sufuria ipo. Sikuwa na neno la kumjibu. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akayasikia maneno hayo, akaenda kulala bila ya kula.

Siku iliyofuata, nikiwa njiani kwenda kazini, nalikutana na mzee mmoja jirani yetu ambaye amefuga sungura tangu alipokuwa mvulana wa shule.

"Karani," akasema, "nasikia kwenu kuna simba."

"Naam, Mzee. Simba mwenye masikio marefu."

"Umempiga?"

"Nimempiga."

Akatikisa kichwa. "Kibanda chako kina milango mingapi?"

"Mmoja, upande wa mbele."

"Na wewe ukija unasimama wapi?"

"Hapo hapo mlangoni, Mzee."

"Haya. Wewe umelala nyumbani kwako, nyumba ina mlango mmoja, akaja jitu akasimama mlangoni pasipo hodi, akanyosha mkono mpaka kitandani kwako na kuchukua mtungi wa maji. Utamwimbia, mwanangu?"

Jioni ile alikuja kwetu. Hakutia mkono kibandani. Alifungua mlango, akaegemeza ubao kuanzia mlangoni mpaka chini, akaketi juu ya kigoda hatua chache kutoka pale na kuanza kuniuliza habari za mvua. Tulikaa muda mrefu. Malkia akachungulia, akarudi ndani, akachungulia tena, kisha akashuka kwa ubao na kuzunguka uani akinusa. Mwishowe akaja penye miguu ya mzee, naye akamgusa kwenye paji la uso kwa kidole kimoja. Malkia akainamisha kichwa akatulia. Huku nje alikuwa ni Malkia yule yule wa zamani. Mzee akamwita binti yangu, akamwambia aingize mikono kibandani, atoe bakuli, afagie na kuweka nyasi mpya huku mwenye nyumba akiwa matembezini. Akafanya hivyo, na hapakuwa na jambo lo lote.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili, nami nawaombeni mlifikiri vizuri. Mnyama mwenye tabia mbaya ni mbaya mahali po pote. Lakini mnyama aliye mkali ndani ya kibanda na mpole nje ya kibanda hana tabia mbaya. Analinda mahali pake.

Wengi wetu twaona ajabu kwamba sungura aweza kulinda mahali, kwa kuwa tumelelewa kwa hadithi za sungura mjanja amshindaye fisi na simba kwa akili na kwa mbio. Sungura wa hadithi zetu ni yule wa porini, naye ni mnyama mwingine kabisa. Yeye hana nyumba. Hujilaza juu ya ardhi katika kishimo kidogo kilichomo nyasini, huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, na adui akitokea hukimbia. Hana cha kulinda ila miguu yake. Lakini sungura tuwafugao asili yao ni Hispania na Ureno na kusini ya Ufaransa, na wazazi wao wa huko ni wachimbaji. Huchimba mashimo marefu yenye njia nyingi chini ya ardhi, wakakaa humo jamaa kwa jamaa, madume kwa majike. Watoto wao huzaliwa uchi na vipofu, hawawezi kutoka shimoni kwa majuma kadha. Mnyama wa namna hiyo akinyang'anywa shimo amenyang'anywa na kizazi chake. Kwa hiyo jike hugombania shimo la kuzalia kwa meno na kucha, na dume humfukuza dume mgeni anayevuka mpaka.

Habari hizi hazikuchunguzwa kwa mchezo. Mwaka 1859 tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliwaachilia sungura wa Ulaya katika shamba lake huko Victoria, Australia, apate kuwawinda. Wakazaana, wakaenea, wakawa baa la nchi ile, hata serikali ya huko ikalazimika kuwatuma wataalamu wajifunze tabia za sungura kwa bidii. Mmoja wao, Roman Mykytowycz, aliwaangalia kwa miaka mingi, na mwaka 1968 akaandika jinsi wanavyotia alama mipaka yao. Chini ya kidevu cha sungura kuna tezi zitoazo maji yenye harufu, ambayo pua zetu hazijui lakini ya sungura yajua. Anapokisugua kidevu chake juu ya jiwe au kijiti, anaacha harufu hiyo hapo. Madume wakubwa, wanaoheshimiwa na wenzao, wana tezi kubwa zaidi na hupaka mara nyingi zaidi. Kadhalika mavi yao waliyoyaweka mafungu mafungu mpakani yana harufu ya tezi nyingine, kama mawe ya mpaka wa shamba.

Kwa hiyo, msomaji, ukimwona sungura wako anasugua kidevu katika mguu wa kiti chako usidhani kwamba anawashwa. Anaandika jina lake. Sisi makarani tuna mihuri, yeye ana kidevu. Na ukisafisha kibanda chote kwa dawa kali mpaka kisiwe na harufu hata kidogo, ujue ya kwamba umefuta hati zake zote za ardhi, naye atatumia siku mbili tatu akiziandika upya kwa hasira. Heri utoe uchafu, lakini ubakize konzi moja ya nyasi za zamani zilizo kavu, uzichanganye na zile mpya.

Jambo hili huanza lini? Sungura mchanga hana mpaka. Hukua akilala juu ya ndugu zake, na kila mkono ni rafiki. Lakini kati ya miezi mitatu na sita, kwa kadiri ya mbegu yake, mwili hupevuka, na hapo ndipo wenyewe hushangaa wakisema amerogwa. Binti yangu alikuwa na hakika kwamba Malkia amemchukia. Kumweleza kwamba Malkia amekuwa mtu mzima kulikuwa kazi kubwa kuliko kumfunga kidole.

Sungura hamuumi mtu bila ya kumwonya kwanza, ila sisi hatuisomi lugha yake. Huyalaza masikio nyuma mpaka yagusane na shingo, huinua mkia, huguna, pengine hupiga chini kwa mguu wa nyuma. Ukiyapuuza haya yote, huruka mbele na kupiga kwa mikono yake ya mbele kama mpiganaji wa ngumi, kisha ndipo meno. Tena kuna jambo la macho ambalo wengi hawalijui. Macho ya sungura yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo aweza kumwona mwewe aliye juu na mbwa aliye nyuma pasipo kugeuka. Lakini kitu kilicho mbele kabisa ya pua yake na chini ya kidevu chake hakioni. Mtu amwendeaye kwa kumletea kidole puani, kama tufanyavyo kwa mbwa, anatokeza kitu kisichoonekana mara moja mbele ya meno. Mkono na utoke upande anaouona, upite juu pole pole, utue katika paji la uso. Huko ndiko sungura wenyewe walambanako wanapopatana.

Sasa mkulima wa barua ya kwanza afanye nini? Kwanza aache kupiga. Sungura apigwaye hajifunzi adabu, hujifunza kuogopa, na woga ndio uletao meno. Wala asimnyanyue kwa masikio, jambo ambalo bado naliona sokoni kila mara na lanichukiza. Masikio si mpini. Tena mifupa ya sungura ni myepesi mno, na akipigapiga miguu akiwa ananing'inia aweza kujivunja mgongo. Ashikwe kwa mkono mmoja chini ya kifua na wa pili chini ya matako, akabanwe kifuani pa mtu.

Pili, alitazame jengo lenyewe. Kibanda chenye mlango mmoja tu kimejengwa kwa faida ya mjenzi. Mzee jirani yetu alinishauri nikate kilango kidogo cha pili, kiasi cha bakuli kupita, mbali na pembe anayolalia Malkia, na maji na chakula vipitie huko. Nalifanya hivyo kwa kipande cha bati na bawaba mbili kuukuu, kazi ya alasiri moja. Mlango mkubwa ukawa wa yeye kutokea tu. Kuhusu ukubwa, wafugaji wa Uingereza wafugao sungura kwa kuwapenda hushauri mahali pa kukaa pawe na urefu usiopungua mita 3 kwa upana wa mita 2. Najua kwamba wengi wetu hatuna nafasi hiyo, hasa tukaao katika nyumba za kupanga. Basi kama kibanda ni kidogo, saa za matembezi ziwe nyingi. Ua uliozungushiwa waya, jioni, mtoto akiwa karibu kuwatazama mbwa na mwewe, humtosha. Sungura mwenye nafasi ndogo huilinda kwa ukali zaidi, kama vile mtu mwenye nusu eka agombaniavyo mfereji.

Tatu, iko siku ambayo itambidi kutia mkono ndani tu, atake asitake. Siku hiyo avae koti lenye mikono mirefu na glavu nene, aguse mti wa kibanda na kusema neno kwa sauti ile ile ya kila siku, ndipo atie mkono. Akirukiwa asiuondoe upesi. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Sungura akiruka na mkono ukakimbia, amejua kwamba dawa yake yafanya kazi, na kesho atairudia. Mkono na ukae, utulie, kisha umlaze kwa upole kwa kumgusa kichwani, bila ya kumkandamiza. Baada ya siku kadha huchoka kupigana na kitu kisichopigana naye. Malkia alichukua majuma matatu. Wako wachukuao zaidi.

Walakini kabla ya kufanya hayo yote, mkulima na amtazame mnyama mwili mzima, maana si kila ukali ni wa kulinda mahali. Sungura mwenye upele wa masikioni, au vidonda vya nyayo kwa kukaa juu ya waya, au meno yaliyopita kiasi (meno ya sungura hukua maisha yake yote), huuma kwa sababu anaumwa. Huyo utamjua kwa kuwa huwa mkali kibandani na nje pia, tena aghalabu chakula humshinda. Dawa yake iko kwa bwana mifugo. Na mtu aliyeumwa na sungura aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo, aende zahanati likivimba au likiwa na kina, akaulize pia habari ya sindano ya pepopunda.

Nageukia barua ya karani mwenzangu. Hakutaja kama sungura wake ni madume wawili, lakini kwa jinsi alivyoyaeleza majeraha yalikokuwa, sina shaka kwamba ndivyo walivyo. Madume wawili waliozaliwa pamoja watapendana mpaka wapevuke, na tangu hapo watang'atana sehemu za uzazi, pengine wakahasiana kabisa kwa meno. Nakusihi, ndugu yangu, uwatenge leo hii hii. Wala usingoje Jumamosi. Watoto wakilia, waeleze.

Kama wapenda wakae pamoja tena, dawa yenye kuaminika ni kuhasiwa na daktari wa mifugo, na baada ya hapo ungoje majuma kadha, kwa sababu ukali hauondoki siku ile ile wala uwezo wa kuzalisha hauishi siku ile ile. Kwa mtu afugaye kwa kuwapenda tu, jozi yenye amani kuliko zote ni dume aliyehasiwa na jike, naye jike akiweza kutolewa kizazi ni bora zaidi, maana majike wasiozaa wakizeeka hushikwa sana na saratani ya kizazi. Najua gharama yake si ndogo, na madaktari waliozoea kupasua sungura hawapatikani kila wilaya. Asiyeweza, awaache kila mmoja na kibanda chake.

Kuwakutanisha kuna utaratibu wake. Weka vibanda viwili jirani, pawe na nafasi kati ya waya na waya, wasije wakang'atana pua. Kila siku chukua nyasi za kulalia za huyu umpe yule, na za yule umpe huyu, mpaka harufu ya mwenziwe isiwe tena harufu ya mgeni. Ndipo uwakutanishe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupakanyaga: chumba cha jirani, ua wa nyuma ya nyumba, hata bafuni. Kwanza dakika chache, ukiwa na blanketi mkononi la kuwatupia wakishikana. Usiwaamue kwa mikono mitupu. Kufukuzana kidogo na kupandana si vita. Manyoya yakiruka na wawili wakizunguka kama gurudumu, hivyo ni vita, nawe uwatenge upesi. Kumtia mgeni moja kwa moja katika kibanda cha mwenyeji ni kumpeleka shaurini bila ya shahidi.

Jambo hilo ndilo wafugaji wa nyama hulijua vizuri bila ya kujua sababu yake. Wakati wa kupandisha, jike hupelekwa kwa dume, dume hapelekwi kwa jike kamwe. Dume akitiwa nyumbani kwa jike hupata mapigo, na hata asipopigwa hupoteza muda wake akinusa kila pembe na kusugua kidevu chake. Jike akiwa ugenini hana mpaka wa kulinda, na mambo hayo huisha kwa dakika chache, kisha hurudishwa kwake.

Baada ya siku 31 hivi huzaa. Na katika siku za mwisho kabla ya kuzaa hata jike aliye mpole kuliko wote aweza kuwa mkali, akibeba nyasi kinywani na kujing'oa manyoya ya kifuani ili atandike kiota. Kuna pia mimba ya uongo, ambayo jike hufanya vivyo hivyo kwa muda wa siku 16 hadi 18, akatandika kiota, akalinda, wala hana kitu tumboni. Katika nyakati hizo mbili hakuna la kufanya ila kumwekea maji na chakula kwa kilango kidogo na kumwacha na shughuli yake.

Nasema haya nikiikumbuka barua ile ya tatu. Mwenye kuiandika amesema kwamba sungura wake alianza kujing'oa manyoya kifuani, na hiyo ndiyo iliyomthibitishia kwamba ni wazimu. Hakusema kama jike yule alikuwa amepelekwa kwa dume mwezi uliotangulia. Ningependa kumwuliza, lakini naona afadhali nisimwulize.

Malkia alipelekwa kwa dume la yule mzee mwezi wa Machi uliofuata, akazaa watoto saba. Mmoja alikufa siku ya pili. Watoto wa jirani walipata wale walioahidiwa, baada ya majuma nane, na mke wangu, ambaye hajabadili maneno yake juu ya sufuria, ndiye aamkaye kwanza kumpelekea majani ya kabichi. Binti yangu hugonga mti wa kibanda mara mbili na kusema "Hodi," hungoja kidogo, ndipo huondoa komeo. Wageni humcheka. Tangu wakati ule hajaumwa.

Shauri la mboji nitalieleza juma lijalo.